Nataka kuweka jiwe la kumbukumbu Kariokor: niandike nini, na nianzie wapi?

Fundi_Ndara

Habari zenu wadau.

Mimi ni fundi wa ndara za ngozi, soko la Kariokor hapa Nairobi. Huu ni mwaka wangu wa 23 pale, upande wa wauza viondo. Kukata soli ya tairi kwa kisu najua, kupiga mshono wa mkono najua. Hili ninalouliza leo silijui, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mwezi uliopita alikuja sokoni msichana wa shule, na sare yake, na daftari mkononi. Mwalimu wao amewatuma waulize maana ya majina ya mitaa yao. Alikuwa ameshapita vibanda vitatu kabla ya changu. Wa kwanza alimwambia Kariokor ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka hapa zamani. Wa pili alisema ni Kimasai. Wa tatu alikuwa na mteja, hakumjibu. Mimi nikamvutia kigoda akakaa, nikaweka nyundo chini.

Nilimweleza nilivyoelezwa na bibi yangu. Babake bibi alichukuliwa kwao Machakos mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kijana ambaye hajaoa bado, akaletwa hapa Nairobi pamoja na wengine wa kijiji chao, jumla yao saba. Hapa palikuwa na kambi ya wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka jina hilo walivyolisikia: Kariakoo, Kariokor. Wakabebeshwa mizigo mpaka Tanganyika kupigana na Mjerumani. Kati ya wale saba walirudi wawili. Yeye alirudi na kikohozi kisichoisha na kisahani cha bati chenye namba, amekifunga shingoni kwa uzi. Bibi alikichezea akiwa mtoto. Alikuwa akinionyesha ukubwa wake kwa kukunja kidole cha shahada mpaka kiguse gumba, duara dogo hivi, anasema kilikuwa na tundu moja juu na ukingo wake ulikuwa umelainika kwa jasho. Namba ilikuwapo. Jina halikuwapo.

Yule msichana aliandika yote. Akafunga daftari, akaniuliza, "Na wapi pameandikwa?"

Nilitoka naye nje ya soko tukazunguka. Tuliona tangazo la mkutano wa injili, tukaona tangazo la sabuni, tukaona namba za simu za watu wa kuhamisha vyombo. Hilo alilouliza hatukuliona. Nilimwona anatazama ukuta kama mtu aliyeambiwa hadithi akaanza kuwa na shaka nayo, na jambo hilo limenikaa rohoni hadi leo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mjini, Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya watu watatu, ya kukumbuka vita hivyo. Nimepita pale tangu nina miaka minane, sijawahi kusimama. Nilivuka nikaingia pale katikati ya barabara, magari yanapita kulia na kushoto, nikasoma maandishi ya Kiswahili neno kwa neno. Yanawataja wapagazi. Yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Na mwishoni yanasema mtu akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Nikazunguka pande zote nikitafuta majina. Hakuna hata moja.

Sasa nimeamua. Nataka jiwe Kariokor kwenyewe, si mjini, mtu akishuka kwenye gari alione. Wenzangu sokoni tumeanza kuchanga. Naomba mnisaidie: niandike maneno gani yawe ya kweli na mtoto ayaelewe? Ruhusa naombea wapi? Na jiwe gani litakaa?

---

Mwalimu_Mstaafu

Fundi, umefanya jambo la maana hata kabla hujalifanya. Nilifundisha historia miaka 31, na swali la huyo mtoto ndilo nililokuwa nikingoja mwanafunzi aniulize.

Hadithi ya bibi yako inasimama vizuri. Mwaka 1917 ndio mwaka wa msako mkubwa. Vita vilikuwa vimehamia kusini ya Tanganyika, reli imeachwa nyuma, na katika nchi ile mbung'o waliua farasi na maksai kwa maelfu. Jeshi likabaki halina cha kubebea risasi wala unga isipokuwa kichwa cha mtu. John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, akapewa kazi ya kukusanya wanaume, machifu wakaambiwa watoe idadi kadhaa kila mmoja, na Ukambani, Nyanza na nchi ya Wakikuyu zikakamuliwa. Mkuu wa kikosi cha wapagazi alikuwa Oscar Watkins.

Waliokufa hawakuuawa na risasi kwa wingi. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia. Watu waliozoea vyakula vya kwao walipewa unga ambao mara nyingi hawakuwa na muda wala sufuria ya kuupika ukaiva, wakaula hivyohivyo, na tumbo likawamaliza njiani. Hesabu ya serikali yenyewe ilipita watu 40,000, na wanahistoria walioifuatilia wanaipeleka mbali zaidi ya hapo. Usiandike namba kwenye jiwe. Namba itabishaniwa na watu wataacha kusoma yaliyobaki.

Sanamu uliyoisoma iliwekwa mwaka 1928, mchongaji ni James Alexander Stevenson, na maandishi yake yako kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno yale ya watoto kukumbuka jina yalitungwa na Rudyard Kipling. Huyo alimpoteza mwanawe wa pekee vitani Ufaransa mwaka 1915, mwili haukuonekana maisha yake yote, lakini jina la kijana lilikuja kuchongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu kulekule. Mtu kama huyo alijua vizuri jina la mtoto lina thamani gani kwa mzazi. Watu wa kwenu wakapata ahadi ya jina bila jina.

Na jambo hilo halikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika na Waasia kati ya 45,000 na 54,000 hawakukumbukwa sawa na wenzao wa Ulaya, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa mwisho ni wa Afrika Mashariki na Misri.

Kuhusu maneno, nina mawili matatu. Neno la kwanza liwe HAPA. Vibao vingi vya mji huu vinaanza na jina la mkubwa aliyevuta pazia, mtu anasoma mistari minne hajajua amesimama mahali gani. Pili, usiandike "waliojitoa mhanga". Hawakujitoa, walitolewa. Kitenzi kimoja kikikosewa kwenye jiwe kinakuwa uongo wa miaka mia.

---

Patasi_na_Nyundo

Mimi nachonga mawe ya makaburi, kwa hiyo nitajibu la jiwe.

Usiweke kibao cha shaba. Kitang'olewa. Watu wa vyuma chakavu hawasomi maandishi, wanapima kilo. Nimeitwa mara nyingi kuziba matundu manne ya skrubu ambapo palikuwa na kibao cha marehemu.

Usitumie jiwe la Ndarugo kwa maandishi. Kwa kujenga nyumba ni zuri, kwa herufi hapana: linanyonya maji, na ukingo wa herufi unakatika wakati bado unachonga. Chukua itale (granite) nyeusi, unene wa inchi mbili, uijengee ndani ya nguzo ya mawe ya Ndarugo ukipenda. Herufi zichongwe kwenda ndani, zisiwe za kupakwa rangi juu. Rangi nyeupe inayotiwa ndani ya herufi itatoka, mvua mbili tatu imeisha, lakini herufi iliyochimbwa itasomeka hata ikiwa tupu, hata usiku kwa kidole. Nawaambia wateja wangu wafumbe macho wapitishe kidole juu ya jina. Wakilisoma hivyo, kazi imekamilika.

Urefu wa herufi usipungue upana wa gumba mbili ukitaka mtu asome akiwa hatua tatu. Na juu ya yote, maneno yawe machache. Kila herufi ni pesa, na kila herufi ni mahali pa kukosea. Maneno 40, ukizidi sana 50.

Nitakwambia kosa langu ili lisikupate. Familia moja iliniletea karatasi ya mkono, mwaka wa kuzaliwa umeandikwa kwa haraka, mimi nikaona 7 penye 1. Nilichonga siku mbili. Mjane alipokuja alisimama mbele ya jiwe akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Huyu siye." Nilisaga uso mzima wa jiwe nikaanza upya. Tangu siku hiyo sichongi mpaka mwenyewe aniandikie kwa herufi kubwa, kisha anisomee kwa sauti huku mimi naangalia karatasi. Fanya hivyo na fundi yeyote utakayempata. Ukinijia mimi, kazi ya mikono sitakutoza. Utalipia jiwe tu.

---

Nyandarua54

Sitaki kuvunja moyo wa mtu, lakini lazima niseme. Watu hao walimbebea Mwingereza mizigo. Sanamu yao tayari iko katikati ya mji tangu ukoloni, na imeachwa imesimama. Wetu je?

Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi wakidai Harry Thuku, mpinga ukoloni, aachiliwe. Muthoni Nyanjiru akasimama mbele ya wanaume waliokuwa wanaanza kutawanyika, akawaaibisha, wakarudi kuelekea lango. Wakafyatuliwa risasi, naye akafa. Nimetembea Harry Thuku Road mara ngapi, kutoka chuo kikuu hadi juu, sijaona jiwe la mama huyo. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, sanamu yake ikazinduliwa tarehe hiyohiyo 2007. Miaka 50 kamili. Na ukumbusho wa Mau Mau pale Uhuru Park, wa 2015, unajua nani alilipa? Serikali ya Uingereza, baada ya kukubali kuwalipa fidia wazee na akina mama 5,228 mwaka 2013.

Mchango wenu wa sokoni ni mtakatifu. Ningependa uende kwa waliopigania nchi hii.

---

Fundi_Ndara

Nyandarua54, nimekusoma mara mbili na sikukasirika. Muthoni Nyanjiru anastahili jiwe, na likianza mchango wake jina langu liwe kwenye daftari.

Lakini babake bibi hakumtumikia mfalme yeyote. Bibi alisema walifungwa kamba moja kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka kwenye gari la moshi, na mama yake alikimbia pembeni ya msafara akiwa na kibuyu cha uji kwa sababu kijana wake alikuwa hajala. Alikimbia hadi askari alipomsukuma na uji ukamwagika. Kijana akaondoka na njaa. Mtu wa namna hiyo nikimwita kibaraka nitakuwa nimemwonea mara ya pili.

---

Mwalimu_Mstaafu

Naongeza kidogo hapo, kwa sababu mambo haya mawili ni mamoja. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika na kuwapa kipande, yaani kitambulisho cha lazima, ilipitishwa mwaka 1915, katikati ya vita vilevile, na vita vilipokwisha ikaanza kutekelezwa nchi nzima. Kipande hicho, pamoja na kodi na kukatwa mishahara, ndicho Harry Thuku alichokipinga mwaka 1921 hadi akakamatwa. Na katika waliomsikiliza walikuwamo wanaume waliorudi kutoka Tanganyika. Walimwona mzungu akihara, akilia, akifa. Hawakurudi wakimtazama kama zamani.

Tena kuna suala la mishahara. Maelfu walikufa kabla hawajalipwa, jamaa zao wakaambiwa hawapatikani, na pesa hizo London ikakataa kuziachia. Watkins mwenyewe alizidai kwa miaka. Kwa hiyo, ndugu Nyandarua54, ukipita Kariokor ujue deni la Mwingereza halikuanza mwaka 1952.

---

Bi_Mkubwa_wa_Ilala

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi niko Dar es Salaam, nimeletewa mazungumzo haya na mpwa wangu aliyeolewa huko Nairobi.

Sisi nasi tuna Kariakoo yetu, na asili yake ni hiyohiyo. Lakini neno limekwisha kuwa la biashara kabisa. Mtu akikwambia anakwenda Kariakoo unafikiria vitenge, unafikiria vyombo. Soko lilipoungua Julai 2021 nchi nzima ilililia, na sikusikia hata mmoja akisema moto umepita juu ya kambi ya watu waliokufa wakibeba mizigo. Hata mimi sikusema.

Sanamu yetu la Askari liko Samora, nalo la mchongaji huyohuyo, la mwaka 1927, limewekwa pale alipokuwa amesimama Mjerumani Wissmann. Lina askari mmoja na bunduki yake. Ukitaka kumwona mpagazi akiwa amesimama kama sanamu kamili, panda basi uende huko Kenya. Na gavana wa Tanganyika baada ya vita alipoulizwa juu ya makaburi ya wapagazi yaliyojaa Dar es Salaam na kwingineko, shauri lake lilikuwa yaachwe yarudi kuwa pori, na upesi. Yakaachwa.

Basi mwanangu fundi, nina ombi moja. Kwenye jiwe lako wataje na walioachwa nyumbani. Huyo mama wa kibuyu cha uji ndiye aliyenifanya niandike. Nani alilima mwaka huo? Nani alilipa kodi ya kibanda wakati mwanamume hayupo? Ukiweza maneno matatu tu, yaweke.

---

Mtoto_wa_Kaloleni

Mkimaliza Kariokor vukeni mje kwetu. Katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru wa nchi zote za Afrika Mashariki, si kesho, sasa hivi. Mwezi uliofuata akakamatwa, yeye na mwenzake Fred Kubai, na Nairobi ikagoma. Watoto wanacheza mpira kwenye kiwanja cha ukumbi ule wakidhani ni mahali pa harusi tu. Nimejiandikisha kwa Sh 1,000, nitaleta sokoni mwenyewe.

---

Karani_Mstaafu

Nilifanya kazi ya ofisi za serikali ya mji kwa muda mrefu, kwa hiyo hili la ruhusa nitalisema kwa ufupi.

Usiweke jiwe usiku ukitegemea kwamba asubuhi watu watalizoea. Nimeona jiwe la watu wema likibebwa na lori pamoja na vibanda vilivyobomolewa, na hakuna aliyekuwa na barua ya kulidai. Jengo la soko ni mali ya kaunti, ukingo wa barabara nao una wenyewe. Anzeni na kamati ya soko: kikao, kumbukumbu za kikao, sahihi za wote. Barua ya kamati iende kaunti pamoja na mchoro wenye vipimo na picha ya mahali penyewe. Nakala mpeleke Makumbusho ya Taifa, kwa sababu Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inawapa kazi ya kutunza mahali pa kihistoria, na neno lao litawasaidia kaunti kukubali. Kila karatasi mnayopeleka, mrudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri hamkupeleka kitu.

Ushauri wangu: msiweke kando ya barabara. Barabara za Nairobi zinapanuliwa. Mti wa mugumo wa Waiyaki Way uliponea kukatwa mwaka 2020 kwa amri ya Rais, na mti ule ulikuwa na wazee wa kuutetea na kamera za dunia nzima. Jiwe la mafundi wa ndara halitapata amri hiyo. Lijengeeni ndani ya ukuta wa soko, penye lango, mahali ambapo atakayetaka kuling'oa atabidi kwanza abomoe soko.

---

Mzee_wa_Moi_Avenue

Karani amesema vizuri juu ya mahali, nami nina la kuongeza hapo hapo.

Tarehe 5 Julai 1969 ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa kijana wa kutumwa dukani. Tom Mboya, aliyekuwa waziri, alipigwa risasi akitoka duka la dawa, hapa Moi Avenue, wakati huo barabara bado inaitwa Government Road. Sanamu yake ilizinduliwa 2011, nzuri sana, na ndege heroe miguuni, kukumbuka wanafunzi aliowapeleka Marekani kwa ndege. Watu wanapiga picha pale kutwa. Lakini iko hatua kadhaa kutoka penyewe. Kila nikipita napunguza mwendo pale penyewe, na watu wananigonga mgongoni kwa sababu wao hawaoni sababu ya mtu kusimama hapo. Nikifa mimi na wenzangu wachache, ule mlango utakuwa mlango tu.

Ukitaka kuona ukumbusho uliokaa mahali pake, nenda kwenye bustani ya Agosti 7, kona ya Haile Selassie. Ubalozi wa Marekani ulisimama hapohapo kabla ya kulipuliwa kwa bomu mwaka 1998. Na majina yako ukutani, yote, unaweza kumtafuta mtu wako kwa kidole. Nina jina langu mle ninalokwenda kuliona kila mwaka. Silihitaji lisafishwe wala lipambwe. Nahitaji liwepo nikifika.

Kwa hiyo fundi, majina. Nenda na majina, hata kama ni matano.

---

Fundi_Ndara

Wadau, nimechelewa kurudi kwa sababu ya kazi ya kikao. Kamati ya soko ilikaa Jumanne. Watu 38 waliweka sahihi, na mwenyekiti akatoa mahali penyewe bila mimi kuomba: nguzo ya kulia ya lango, mkono wa kulia mtu akiingia. Barua nimeipeleka, na nimerudi na nakala yenye muhuri, Karani asante.

Maneno niliyaandika kwanza hivi:

*HAPA palikuwa na kambi ya wapagazi wa Vita Kuu, 1914–1918. Walichukuliwa vijijini kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, wakazikwa njiani. Nyumbani mama zao walingoja. Jina Kariokor ni lao.*

Ijumaa yule msichana alipita kuleta ndara ya mama yake, mkanda umekatika. Nilimpa karatasi asome kwa sauti, kama Patasi alivyosema. Alisoma vizuri mpaka kwenye "wapagazi", akasimama. Akauliza, wapagazi ni watu wa wapi? Alidhani ni kabila. Mimi neno hilo nimelitumia hapa tangu mwanzo bila kufikiri. Nikachukua kalamu nikakata, nikaandika "wabeba mizigo". Akaendelea. Alipofika kwenye "mama zao walingoja" akauliza, walingoja mpaka lini? Nikamwambia wengine mpaka walipokufa. Akasema basi andika hivyo.

Sasa yako hivi, na Mwalimu akiona kosa aseme kabla ya Jumamosi:

*HAPA palikuwa na kambi ya wabeba mizigo wa Vita Kuu, 1914–1918. Walichukuliwa vijijini kwa nguvu na jeshi la Waingereza. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, wakazikwa njiani. Mama zao waliwangoja mpaka nao wakafa. Jina Kariokor ni lao.*

Nimehesabu, yako ndani ya 40. Patasi amekubali kuacha theluthi ya chini ya jiwe bila maandishi, kwa ajili ya majina. Tangu habari hii ienee sokoni nimeletewa manne: mawili kutoka Siaya, moja Murang'a, moja Kitui, kila moja na mjukuu wake au kitukuu aliyekuja kulitamka mbele yangu, mimi nikiandika kwa herufi kubwa na kumsomea. La babake bibi ni la tano. Mwenye jina la mtu wake aliyechukuliwa Kariakoo, arudi au asirudi, alilete kibandani. Jumamosi saa mbili asubuhi naondoka na Patasi kwenda kuchagua itale, na yeye anasema nafasi iliyobaki inaingia majina kumi na sita.